Kilo Mbichi, Mita Mbichi

Kwenye mabanda mengi ya nyama choma Dar es Salaam, kilo ya mbuzi hupimwa ikiwa mbichi. Mnakubaliana bei mbele ya mizani, kisha nyama inaingia motoni. Ikifika mezani imeshapoteza maji na mafuta, robo ya uzito hivi, pengine theluthi kama mchomaji ameiacha ikakauka. Toa na mifupa. Hakuna aliyekuibia: umenunua mbichi, umekula iliyoiva.

Soko la ofisi la jiji hilohilo linakwenda vivyo hivyo, ila huko mizani haionekani. Anayetafuta chumba Posta au Kijitonyama hutajiwa bei ya mita ya mraba kwa mwezi, naye anailinganisha na ya jengo la pili, na la tatu, akiamini analinganisha vitu vya aina moja. Mita anazotajiwa ni mbichi, na kila jengo lina kiwango chake cha kupungua.

Tuipike moja tuone. Tuseme ghorofa lina lifti, walinzi na jenereta, na bei ni shilingi 30,000 kwa mita. Unachukua mita 60, yaani 1,800,000 kwa mwezi. Wengi wanaishia hapo. Lakini katika maghorofa mengi mita hizo zimebeba fungu lako la korido, vyoo na mapokezi ya chini. Fungu hilo likiwa asilimia 15, pa kuweka meza panabaki mita 51. Inafuata ada ya huduma, tuifanye 7,000, nayo hutozwa kwa zile 60. Jumla imefika 2,220,000. Weka VAT ya asilimia 18, ni 2,619,600. Igawe kwa mita unazozitumia kweli: kila moja ni 51,000 na ushee.

Kampuni iliyosajiliwa VAT itaidai hiyo kodi kwenye ritani zake. Biashara ndogo ambayo mauzo yake hayajafika milioni 200 kwa mwaka, kiwango cha kulazimika kujisajili tangu Julai 2023, kwa kawaida inaimeza yote. Ndiyo maana bei ileile, kwenye ghorofa lilelile, yaweza kuwa nafuu kwa kampuni iliyosajiliwa na mzigo kwa ofisi ndogo ya watu watatu iliyo juu yake.

Kuna kodi ya zuio pia. Sheria inamtaka mpangaji mfanyabiashara akate asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA; hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, wewe unaikusanya tu. Ila kwenye nyumba za watu binafsi, Sinza na Mikocheni, utaambiwa: "Mimi nataka changu kiwe safi." Kauli hiyo ina bei. Akitaka 1,800,000 safi mkononi, pango lako ni 2,000,000, na ile laki mbili umeibeba wewe kila mwezi hadi mkataba uishe.

Hata hivyo nyumba hizo za kuishi zilizogeuzwa ofisi zina sifa yake: karibu kila mita imeiva, hadi kibaraza. Hasara yake iko kwenye ukuta. Vyumba vinne vya kulala havigawanyiki upendavyo, na ofisi ya watu wanane inaishia kulipia sebule kubwa isiyo na kazi. Jenereta ni lako, mlinzi ni wako, maji yakikatika boza ni lako. Binafsi naona watu wanazipenda kupita kiasi kwa sababu ya maegesho. Kwenye ghorofa nalo uliza jambo moja kabla ya yote: umeme ukikatika, jenereta linabeba viyoyozi au taa tu? Na je, kiyoyozi cha jengo huzimwa Jumamosi? Kwa joto la Februari, kama mnafanya kazi siku sita, ofisi isiyokalika siku moja kati ya hizo imekuongezea pango kimyakimya.

Sasa chakula cha mchana, ambacho wengi hukiacha nje ya hesabu ya ofisi. Watu wanane, siku 22 za kazi. Mtaa mmoja una mama lishe wa sahani ya 3,000, mtaa mwingine una migahawa tu, na ya chini kabisa ni 10,000. Tofauti kwa mwezi ni 1,232,000. Hiyo ni zaidi ya theluthi mbili ya pango lile mbichi. Utasema zinatoka mifukoni mwa wafanyakazi. Ni kweli, mpaka siku wanapoanza kutembea hadi mtaa wa nyuma na kurudi saa nane na nusu.

Sahani ya mama lishe ni rahisi kwa sababu haijabeba pango la kiti. Benchi moja linakaliwa na watu watatu, wanne, kati ya saa sita na nane, kila mmoja akila wali maharage upesi na kumpisha mwenzake. Kinachomuumiza ni mabaki, kwani samaki wa leo hauziki kesho. Basi ofisi inayompelekea idadi ya sahani saa tatu asubuhi, na kumlipa kwa wiki, inamwondolea hofu ya mabaki. Yeye hulipa fadhila kwa kipande kikubwa zaidi na hotpoti zinazofika mlangoni kwa wakati. Kumbana ashushe mia tano hakuzai kitu kama hicho.

Mgahawa wa viti vya kitambaa unauza muda wa kukaa, na hapo ujanja ni saa. Jiko na wahudumu wanalipiwa mchana kama usiku, lakini meza za mchana hujaa kwa shida, ndiyo sababu hoteli nyingi zina bufee au sahani maalumu ya mchana kwa bei ambayo usiku hutaiona. Mwalike mteja wako saa saba.

Majengo nayo yana meza tupu. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wizara ziliacha sakafu nzima Posta, wakati mifuko ya pensheni ilikuwa imekwisha kusimamisha minara yake. Mpangaji ana nguvu kuliko anavyodhani. Lakini mwenye jengo mara chache atashusha ile 30,000: wapangaji wengine watasikia, na thamani ya jengo hukadiriwa kwa bei ya pango lake. Atakachotoa ni miezi ya bure ya kupanga ofisi. Miwili katika mkataba wa miaka miwili ni punguzo la asilimia 8 na kidogo, na karatasi bado inasoma 30,000. Kagua tu kama ada ya huduma nayo imesamehewa, maana mara nyingi haimo. Kwa hesabu yetu hiyo ni 840,000 kabla ya VAT, katika miezi uliyoambiwa hulipi kitu.