Asili moja, majibu mawili

Chukua mtumbwi wa injini kwenye Mto Malagarasi, upande wa Ilagala kusini mwa Ujiji, karibu na pale mto unapoingia Ziwa Tanganyika. Tuseme mkondo unakwenda kilomita 3 kwa saa, na safari ni kilomita 12 kupanda mto, kisha 12 kushuka. Kasi ya mtumbwi kwenye maji yaliyotulia tuiite v. Saa za kwenda na kurudi ni 12/(v − 3) + 12/(v + 3), yaani 24v/(v² − 9). Mwanafunzi wa kidato cha tano anastahili kuanza na mfano kama huu, kwa kuwa namba zake zina maana anayoijua.

Vunja asili, yaani sehemu ya chini, katika vigawo: (v − 3)(v + 3). Kiasi, 24v, hakina hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo hakuna cha kufuta. Hapo v = 3 ni asimptoti wima: v ikishuka kuikaribia 3, saa zinapaa bila kikomo. Kwa kasi ya 9 safari ni saa 3. Kwa 5, saa 7.5, kwa 4, karibu 13.7; kwa 3.1, takriban saa 122.

Sasa tazama (x² − x − 6)/(x² − 9). Asili ni ileile. Wengi wakiiona tu huandika asimptoti x = 3 na x = −3, wakafunga daftari, na hapo ndipo alama zinapopotea. Kiasi nacho lazima kivunjwe: (x − 3)(x + 2). Kigawo (x − 3) kiko juu na chini, kinafutika, na kinachobaki ni (x + 2)/(x + 3). Pima: x ikiwa 2.9 jibu ni 0.83, ikiwa 3.1 ni 0.84. Hakuna kupaa. Pana tundu moja tu kwenye grafu, kwenye kimo cha 5/6, kwa sababu kwenye x = 3 penyewe pana sifuri juu ya sifuri. Kwenye −3 mambo ni mengine: −3.01 inatoa 101, −2.99 inatoa −99.

Kufuta nako kuna hesabu yake. Kwenye (x − 3)/(x − 3)² kimoja kinafutika, kimoja kinabaki chini, na asimptoti inabaki palepale.

Tukirudi mtoni, aljebra inatoa pia asimptoti v = −3, ambayo mtumbwi hauihitaji. Na ukiweka v = 2 unapata saa −9.6: mkondo umeushinda mtumbwi, juu haufiki.