Kanuni Zikibadilika, Miungu Hufa

Unaijua Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kuigiza wahusika kwa karatasi na dadu? Mojawapo ya dunia zake, Forgotten Realms ya Ed Greenwood, ilianza kuuzwa 1987. Mwaka 1989 toleo la pili la kanuni likaondoa aina ya mhusika aitwaye muuaji wa kukodiwa. Wangemfuta kimyakimya, yakaisha. Wapi! Hadithi ikawaua wauaji wote kwa mpigo. Mwaka 2008, toleo la nne likabadilisha namna uchawi unavyofanya kazi. Basi Mystra, mungu wa uchawi, akauawa, na kalenda ikaruka karibu miaka mia. Toleo la tano, 2014, likamrudisha.

Hebu fikiria: mji uliokaa ukiulinda miaka kumi, wengi wa watu wake sasa ni makaburi, eti kwa sababu hesabu za dadu zimebadilika!

Kilimanjaro ilipopimwa upya mwaka 1999, mita 5,895 zikawa 5,892. Hakuna aliyetunga tetemeko la kukata kilele. Kipimo kilirekebishwa, mlima ukaachwa. Kanuni nazo ni kipimo tu. Dunia waachiwe wanaoicheza.