Bei ya Pancha

Kuna vitabu ambavyo ukifungua ukurasa wa kwanza tu, tayari unajua vitakavyoenda. Mtu yuko peke yake na baiskeli, katika nchi ambayo hajui lugha yake. Mvua inampiga, mbwa wanamkimbiza, mama fulani anamuonea huruma na kumpa supu. Yeye anacheka, nasi tunacheka. Nimevipenda tangu shule ya upili. Siku hizi vinanikera kidogo, na nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Malkia wa kazi hii ni Dervla Murphy, Mwairishi aliyefariki 2022 akiwa na miaka 90. Alipofikisha miaka 10 alipewa baiskeli kuukuu na atlasi, akaapa kwamba siku moja ataendesha hadi India. Januari 1963 akaanza kweli, katikati ya baridi ya kuua, juu ya baiskeli aliyoipa jina Roz na ambayo alikuwa ameing'oa gia kwanza. Kitabu chake, Full Tilt, kilitoka 1965.

Kitu kinachonimaliza ni hiki: nchi za Balkani, ambazo mwingine angezitolea kitabu kizima, Dervla anazipitisha kwenye utangulizi. Yugoslavia yote ni theluji. Mbwa mwitu wanamrukia usiku, anatoa bastola, anafyatua, halafu anaendelea na habari zake kama mtu anayekuambia matatu ilichelewa. Hajitutumui. Hakuambii hapa ucheke, hapa uogope. Linganisha na waandishi wengi wa baiskeli wa leo: pancha moja, kurasa nne za kutafuta maana ya maisha. Bana, ziba pancha twende.

Halafu kuna The Ukimwi Road, cha 1993. Hiki kinatuhusu hata kwa jina. Dervla, sasa ana miaka 60, anatoka Kenya hadi Zimbabwe kwa baiskeli nyingine iitwayo Lear. Alikuja kupumzisha akili, lakini kila alipokaa kupiga stori na watu, stori ilirudi kwa ugonjwa. Ni kitabu kizito na nakiheshimu. Kukipenda ndiyo imenishinda. Yule mama aliyekuwa akijicheka kwenye theluji hapa ana majibu mengi, hasa kuhusu misaada ya wazungu, na mara nyingi yuko sahihi. Lakini watu wa barabarani wanaanza kuongea kama mashahidi mahakamani. Wanatoa ushahidi, wanashuka, anapanda mwingine. Ucheshi wa msafiri unataka yeye mwenyewe ndiye abaki mshamba. Akishakuwa mwalimu, umeisha.

Nilivisoma vyote viwili Ruiru, chumba cha juu, nguo za majirani zikinidondoshea maji dirishani. Niliacha chuo mwaka wa tatu, karo ikiwa imenipiga chenga. Nikanunua baiskeli ya mtumba, na mara mbili kwa wiki naendesha hadi Thika kuhariri na kuchapa kazi za watu. Ni kama kilomita 20. Ile njia ya baiskeli pembeni mwa Thika Road inaanza vizuri, halafu unapata nduthi zimeegeshwa, halafu mama wa mahindi, halafu hakuna njia. Nimewahi kukimbizwa na mbwa karibu na Juja. Nimewahi kunyeshewa mpaka nikaingia kazini kama nimetolewa maporomoko ya Chania. Nikimwambia mtu haya hasemi, "Lo, safari hiyo!" Anauliza, "Kwani hauna nauli?"

Hapo ndipo kero yangu ilipo, na si kosa la Dervla. Yeye akiendesha ni jasiri. Mimi nikiendesha ni msee aliyefeli. Na yule mzee anayenipita kila Jumanne na kreti za mkate nyuma ya Black Mamba, bila kutokwa jasho, hana jina lolote.

Si kwamba Kiswahili hakijui kusimulia safari. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa Ngazija, alifuatana na bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia, na masimulizi yake yalichapishwa 1901 katika Safari za Wasuaheli. Hapo sisi ndio tulikuwa tunaenda kushangaa baridi ya watu. Miaka zaidi ya 120! Leo nikitaka kuzunguka Ulaya kwa baiskeli, sura ya kwanza itakuwa foleni ya visa na taarifa za benki ambazo sina. Labda nayo inachekesha. Inategemea nani anaisimulia.

Juzi nilipata pancha Witeithie. Fundi, mzee wa kofia ya sufi juani, alizamisha tyubu kwenye karai akitafuta mapovu.

"Kijana, unaenda wapi?"

"Thika, mzee."

"Na matatu zote hizi?"

Nikamwambia kuhusu mama mmoja Mwairishi aliyeendesha kutoka kwao hadi India, tena bila gia. Nikamwekea na mbwa mwitu na bastola. Alisikiliza vizuri, mikono ikiendelea kusugua tyubu kwa msasa. Hakushangaa bastola wala theluji. Alipaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka, akakigonga taratibu kwa nyundo.

"Huyo mama," akasema, "pancha alikuwa akizibiwa pesa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimlipa shilingi 50, nikaendelea. Usiku nimekifungua tena Full Tilt kutoka mwanzo, safari hii nikiwa na penseli, natafuta mafundi.