Uhakiki wa Dhana ya Stadi za Taarifa kwa Wanafunzi Wapya wa Chuo Kikuu: Mtazamo kutoka Inyonga

Sehemu hii inahakiki dhana ya stadi za taarifa kama inavyotumika kuwapima wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Hoja kuu ni kwamba dhana hiyo huhesabu upungufu wa mwanafunzi bila kuuliza alikotoka wala lugha anayotafutia.

Dhana hii iliasisiwa na Paul Zurkowski nchini Marekani mwaka 1974, akiwalenga wafanyakazi waliohitaji taarifa katika kazi zao. Mwaka 2000, chama cha maktaba za vyuo na utafiti cha nchini humo, ACRL, kilitoa viwango vitano: kutambua hitaji la taarifa, kuifikia, kuitathmini, kuitumia, na kuzingatia sheria na maadili ya matumizi yake. Ubora wa viwango hivyo ni kupimika kwake. Ni rahisi kuvigeuza kuwa hojaji. Udhaifu wake ni kumchukulia mwanafunzi kana kwamba amekulia kando ya rafu za vitabu. ACRL chenyewe kilivifuta mwaka 2016, baada ya kutoa mwongozo wa 2015 unaosisitiza kuwa mamlaka ya chanzo hujengwa na hutegemea muktadha. Kuendelea kutumia hojaji za viwango vya awali bila kuzihoji ni kupima kwa kipimo ambacho mwenyewe amekiacha.

Tumfikirie mwanafunzi kutoka Inyonga, makao makuu ya Wilaya ya Mlele, mkoani Katavi. Akiwa amesoma shule ya kata, mojawapo ya zile zilizoongezeka chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES) wa 2004–2009, huenda alipata darasa kabla ya kupata maktaba. Usomaji wake umekuwa wa notisi za ubaoni na maswali ya mitihani iliyopita. Tabia hiyo isiitwe uvivu, kwa kuwa ndiyo iliyomvusha hadi chuoni. Anapoingia katika maktaba kama ile mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, anaweza kuigeuza kuwa chumba tulivu cha kusomea notisi zilezile. Constance Mellon, katika utafiti wake wa 1986, aligundua kuwa asilimia 75 hadi 85 ya wanafunzi Wamarekani aliowachunguza walieleza hisia zao za mwanzo kuhusu utafiti wa maktabani kwa lugha ya hofu, na kwamba aibu iliwazuia kuuliza. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa wanaotafuta kwa lugha yao, mwanafunzi wa Kiswahili anayekabili katalogi yenye vichwa vya mada vya Kiingereza ana mzigo wa ziada: akiandika "ushairi" asipate kitu, atadhani maktaba haina kitu.

Hata hivyo, mwanafunzi huyu haji mikono mitupu. Mlele ni eneo la asali, na mnunuzi makini huuliza imerinwa msitu gani, lini na nani. Huko ni kutathmini chanzo. Lakini ustadi huo usikuzwe kupita kiasi: unategemea kumfahamu msemaji na kuweza kumhoji ana kwa ana, ilhali mwandishi wa makala hayupo. Kazi ya mkufunzi wa maktaba ni kuonyesha namna maswali yaleyale yanavyojibiwa kwa jina la mchapishaji, mwaka na marejeleo. Ziara ya saa moja katika wiki ya utambulisho huonyesha rafu zilipo. Haitoshi kufundisha jambo hilo.

Kwa jumla, pengo linalojitokeza ni kwamba alama za hojaji hueleza asichokijua mwanafunzi, na hunyamaza kuhusu namna anavyouliza. Kwa sababu hiyo, utafiti huu utachunguza maswali ambayo wanafunzi wapya huyaunda kwa Kiswahili kabla ya kuigusa katalogi, na hatua ambapo maswali hayo hupotea.