Gari Linalovuta Kushoto: Bushi Kwanza, Mashine Baadaye

Toyota IST iliyofikishwa kwenye gereji moja ya Dar es Salaam ilikuwa imeshapigwa alaimenti kwingine, na risiti ilikuwepo. Hata hivyo, ukilegeza mikono kwenye usukani, gari linakwenda kushoto. Mwenye gari alitaka lirudishwe kwenye mashine ya alaimenti. Fundi akakataa, na kwa maoni yangu kukataa kule ndiko kulikoliponya gari.

Alianza na upepo. Matairi ya mbele yalikuwa sawa. Akayabadilisha nafasi, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto, akalitoa gari barabarani. Kama kasoro ingekuwa ya tairi, gari lingeanza kuvuta kulia. Likang'ang'ania kushoto. Aliporudi akagusa rimu: joto moja pande zote, kwa hiyo hakuna breki iliyokuwa ikishika. Alichagua sehemu tambarare kwa majaribio hayo, kwani barabara zetu huinamishwa pembeni ili maji yatoke, na sisi tunaopita kushoto hata gari lisilo na kasoro hutuvuta kidogo huko.

Kisha akalipandisha jeki, akapenyeza mtaimbo kwenye mkono wa chini wa tairi la kushoto. Bushi ya nyuma, yaani mpira unaoushikilia mkono huo, ilikuwa imechanika. Kila alipokandamiza, mkono ulicheza na tairi zima likarudi nyuma.

Pembe zinazopimwa kwenye alaimenti ni tatu. Kemba ni tairi kulala ndani au nje ukilitazama kwa mbele. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao tairi hugeukia, ukilitazama gari ubavuni. Tou ni matairi kuelekeana au kuachana kwa mbele. Tou mbovu hula tairi na kupindisha usukani, lakini ni mara chache yenyewe ivute gari. Gari huvuta upande wenye kasta ndogo, au ule ambao tairi limelala nje zaidi. Na kwenye magari mengi madogo ya Toyota, tou ya mbele ndiyo pekee iliyowekewa nati za kurekebishia. Basi fundi wa kwanza alirekebisha kinachorekebishika, ugonjwa akauacha pale pale.

Kabla ya bushi mpya, kasta ya kushoto, iliyopungua kwa tairi kurudi nyuma, ilisoma digrii 1.9 na ya kulia 2.8. Baada yake, kushoto ikapanda hadi 2.7 bila nati yoyote kuguswa. Ndipo ikaja zamu ya tou: usukani ukafungwa ukiwa umenyooka, nati za tairodi zikalegezwa, kila upande ukazungushwa mpaka pande zote zikasoma sawa. Ukizungusha upande mmoja tu, jumla itatimia kwenye skrini lakini usukani utabaki umepinda.

Kwa hiyo omba karatasi ya vipimo vya kabla na baada, utazame kasta za mbele. Zikipishana zaidi ya nusu digrii, usilipe kabla mtu hajaingia chini ya gari na mtaimbo.