Maji Hupitia Ndani ya Waya

Kihisi joto cha tangi la kupoozea samaki huuzwa kikiwa ndani ya kineli cha chuma kisichoshika kutu, na muuzaji hukuhakikishia kwamba hakiingii maji. Kwa wiki kadhaa huwa ni kweli. Kisha namba kwenye kidhibiti huanza kuhama, na fundi wa Mji wa Kale, Mombasa, akiona kineli kizima, hubadilisha kidhibiti. Tatizo haliko hapo. Maji yameingia pale waya unapokutana na kineli, au yamepenyeza kwenye mchubuko wa ganda la waya yakasafiri katikati ya vijiwaya vya shaba hadi ndani.

Kinachoyavuta ni baridi. Hewa iliyofungwa ndani ya kineli kwa nyuzijoto 29, joto la kawaida la Mombasa, ikitumbukizwa kwenye maji ya nyuzijoto 4 hunywea kwa takriban asilimia 8. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kufyonza tone, na tangi likipoa na kupata joto kila siku, matone huongezeka.

Vidhibiti vingi vya bei nafuu hutumia kihisi chenye themista ya kilo-omu 10 kwa nyuzijoto 25. Joto likishuka ukinzani wake hupanda, hadi takriban kilo-omu 23 kwa nyuzijoto 5. Sasa maji ya chumvi yakifungua njia ya pembeni ya kilo-omu 100 tu, kidhibiti kitasoma zaidi ya nyuzijoto 9 badala ya 5. Kompresa haizimi kwa wakati, samaki wanaweza kuanza kuganda, na kioo bado kinasema kuna joto. Heri kihisi kingekufa kabisa, maana mwenye tangi angejua.

Bahari ya Mombasa iliwahi kukutana na kazi hii ya kuzuia maji yasipite ndani ya waya, kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwaka 1890 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilitandaza waya wa telegrafu chini ya bahari kati ya Zanzibar na Mombasa. Nyaya za enzi hiyo zilivikwa guta-pecha, utomvu wa miti ya Malaya, na sifa zote zimeiendea hiyo. Mimi navutiwa zaidi na kitu kilichofichika: mchanganyiko wa Chatterton, wa guta-pecha, ulimbo na lami, uliojazwa katikati ya vijiwaya vya shaba kabla ya kuvikwa. Palipojaa, maji hayana pa kupita. Kisha waya uliovikwa ulilowekwa kiwandani kwa saa 24 katika maji ya takriban nyuzijoto 24, ndipo ukapimwa kama umeme unavuja.

Fundi anaweza kufanya vivyo hivyo mezani. Avue ganda sehemu fupi ya kila waya, ayeyushe lehemu hadi ijae katikati ya vijiwaya, kisha aizamishe sehemu hiyo ndani ya epoksi pamoja na themista, bila kuacha kiputo. Ganda la waya likwaruzwe kwa msasa na kufutwa kwa spiriti, la sivyo epoksi itabanduka. Silikoni inayonuka siki isitumike hapa, kwa kuwa asidi yake hula shaba.

Hata hivyo, pale tangi linaporuhusu, mimi nachagua neli ndefu iliyozibwa chini, mdomo wake ukibaki juu ya maji. Themista hushushwa hadi chini ikiwa imepakwa grisi ya kupitisha joto, na waya hupindwa uning'inie chini ya mdomo kabla ya kuingia, ili matone yaanguke nje. Usomaji huchelewa kidogo. Kwa tangi kubwa hilo si hoja. Kwa maji ya bahari chuma kiwe daraja la 316, kwani 304 hutoboka vishimo kwa chumvi.

Kabla ya kufunga, kihisi kihamishwe mara nyingi kati ya maji moto na maji ya barafu yenye chumvi, kilale humo usiku kucha, kisha ukinzani upimwe kati ya waya na maji yenyewe. Mita ikionyesha njia yoyote, kazi irudiwe kwenye maungio.