Funguo za Nyumba ya Watu

Kuna kinyota kidogo ambacho mwanagenzi wa kazi yetu ya kutunza seva lazima akijue kabla ya mambo mengine yote. Unapoiamuru seva ya Ubuntu ikuwekee phpMyAdmin, inakuuliza ni programu gani itakayohudumia kurasa zake. Jina la Apache liko juu, limekolezwa rangi, ungeapa limeshachaguliwa. Bado. Ni mpaka ubonyeze kitufe kirefu cha nafasi, kinyota kitokeze ndani ya mabano, ndipo uendelee. Mimi mara ya kwanza nilikiruka, nikashinda mchana kutwa katika chumba chenye joto huko Katuba nikitazama ukurasa unaosema hakuna kitu hapa. Yaya aliyekuwa akinifundisha (kwetu Lubumbashi yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto) akainama, akasoma, wala hakunicheka. "Anza upya, mdogo wangu," akaniambia. "Safari hii soma kila mstari kama mtu anayetia sahihi mkataba wa nyumba."

Tulikuwa tumepewa kazi na shule moja. Kwa miaka mingi mama anayepokea minervali, yaani ada ya shule, alikuwa akiandika malipo katika daftari kubwa lenye jalada jeusi: jina la mtoto, darasa, faranga ngapi, dola ngapi, deni lililobaki. Sasa daftari lile lilikuwa linahamia katika hifadhidata ya MySQL. Mama angekuwa na fomu zake nyepesi za kujaza. Sisi tulihitaji mlango wa nyuma, wa kuingilia panapotokea kosa: malipo yaliyoandikwa mara mbili, mtoto aliyeingizwa kwa jina la ndugu yake. Mlango huo ndio phpMyAdmin. Hifadhidata kwa asili yake husubiri amri zilizoandikwa kwa lugha yake. Chombo hiki kinakufungulia majedwali yote katika kivinjari, uyaone safu kwa safu kama kurasa za daftari.

Tobias Ratschiller alikianzisha mwaka 1998. Alipokosa nafasi ya kukiendeleza, Olivier Müller, Marc Delisle na Loïc Chapeaux walikipokea mwaka 2001, na tangu hapo kimepita mikono mingi bila kuuzwa. MySQL yenyewe ina jina la mtoto: My, binti wa Michael Widenius wa Finland, mmoja wa waundaji wake. Ndugu ya MySQL, yaani MariaDB, ina jina la Maria, binti mdogo wa Widenius huyo huyo. Huwa nawaambia wanagenzi jambo hili mapema, maana mtu akijua kwamba chombo kimebeba jina la mtoto wa mtu, anakishika kwa mkono mwingine.

Jioni ile, baada ya kuanza upya, ukurasa ulifunguka. Nilifurahi, nikataka kwenda nyumbani. Yaya akasema tuiache seva ilale hivyo hivyo usiku mmoja, ikiwa bado haina jina hata moja la mwanafunzi, nijionee. Hatukuwa tumemwambia mtu yeyote anwani yake. Asubuhi tukafungua faili ambamo Apache huandika kila anayebisha. Walikuwa wamejaa. Mashine zisizolala, kutoka nchi nisizozijua, zimeuliza /phpmyadmin, zimeuliza /pma, /myadmin, /mysql, zikajaribu kila tahajia ambayo mtu mvivu angeweza kuipa njia hiyo. Hakuna aliyekuwa akiitafuta shule yetu. Walikuwa wakitikisa vitasa vya dunia nzima, mtaa baada ya mtaa, na chetu kilikuwa kimoja kati ya hivyo.

Basi kazi yenyewe ikaanzia hapo. Nilipojaribu kuingia kwa jina la root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hifadhidata ilinikatalia. Kwenye Ubuntu, root wa MySQL hatambuliwi kwa neno la siri. Anatambuliwa kwa kuwa ndiye aliyekaa ndani ya mashine yenyewe akiwa na mamlaka yake. Kivinjari hakina utambulisho huo. Nimeona vijana wengi wakikasirishwa na katazo hili na kuliondoa, kisha wakampa root neno la siri jepesi ili waingie upesi. Hapo ndipo naumia, kwa sababu wamevunja kufuli lililokuja bure na mlango. Yaya alinifundisha kuunda mtumiaji mwingine, mwenye haki juu ya hifadhidata ile moja tu: asome, aongeze, arekebishe. Kufuta jedwali zima, hapana.

Wapo wanaobadilisha anwani, /phpmyadmin ikawa neno lisilotabirika. Inapunguza kelele, lakini kuficha tundu la ufunguo hakulifanyi kufuli kuwa imara. Wengine huweka neno la siri la pili mbele ya lile la kwanza, na cheti cha Let's Encrypt, ili maneno yasisafiri uchi njiani. Hayo yote ni mema. Yaya alipenda zaidi kuuondoa mlango barabarani kabisa. Katika faili la mipangilio la Apache akaandika mstari mmoja: wa humu ndani tu waruhusiwe. Tangu siku hiyo anayetaka kuingia hupitia kwanza kwenye handaki la SSH, njia ya siri ya kuifikia seva, kwa ufunguo wake mwenyewe, anatokea ndani ya seva, na kutoka humo ndipo anaufungua ukurasa. Wanaobisha kutoka nje wanabisha ukutani.

Tena usiamini hata aliyekuletea kufuli. Septemba 2012, ghala moja huko Korea lililokuwa likisambaza nakala za phpMyAdmin kwa niaba ya SourceForge liligunduliwa kuwa limetiwa nakala yenye faili la ziada, server_sync.php, lililompa mgeni mamlaka ya kuiendesha seva. Watu wapatao 400 waliipakua. Siku hizi kila toleo lina saini ya kulinganisha.

Ninapofanya kazi hii humkumbuka André Yav. Mwaka 1965 aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili chetu, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani; Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Watu wale walifungua na kufunga nyumba ambazo hazikuwa zao, wakajua kilichomo kila kabatini. Nami najua ni mzazi yupi hajalipa tangu Januari, na nikikutana naye sokoni katika komine ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi, namsalimu kama ninavyomsalimu kila mtu.

Mwezi uliopita yule mama aliniuliza huwa ninakuja kufanya nini, maana hakuna kinachoharibika. Nikamfungulia faili la wanaobisha. Akasoma mistari polepole, kidole juu ya skrini.

"Baba, hawa wote wanamtafuta nani?"

"Watoto wa daftari lako, mama."

Akanyamaza. Kisha akainuka, akaenda kwenye kalenda ya ukutani, akabandua kikaratasi chenye neno lake la siri, akakikunja mara nne na kukitia ndani ya kanga.